Kabla ya Kushuka, Mvua Hupanda

Tunaanza na jambo linalotutia haya. Miaka michache iliyopita tulikuwa tukitumika katika paruasi moja ya milimani, ambayo hatutaitaja jina. Mwezi wa tisa mvua ya kwanza ilishuka vizuri, na watu wakapanda maharagi na mahindi kama kawaida ya msimu A. Kisha mbingu zikanyamaza. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mbegu zilizoota zikakauka, na wale waliokuwa wamekopa mbegu wakabaki na deni bila shamba.

Jumapili baada ya ibada, vijana walitujia ofisini. Walisema wanamjua aliyefunga mvua. Ni mama mmoja mjane, mzee, aliyekaa karibu na chemchemi. Mwezi wa saba watu walimsikia akisema kwamba maji yatakwisha. Wakatuomba tumwite mbele ya kanisa, tumwombee ili "afunguliwe". Tulikataa. Lakini walipotuuliza, "Sasa Pasta, mvua imekwenda wapi?", hatukuwa na jibu ila kusema kwamba ni mapenzi ya Mungu. Jibu hilo halikumlinda mama yule. Juma lilelile mlango wake ulivunjwa usiku, naye akakimbilia kwa kaka yake, mwendo wa siku mbili kwa miguu.

Tulisoma teolojia miaka mingi. Tulifundishwa Kigiriki, historia ya kanisa na namna ya kuhubiri, lakini hakuna siku tulifundishwa mvua inatoka wapi. Mtu aliyetufungua macho ni mzee mmoja wa kanisa, ambaye zamani alikuwa moniteri wa kilimo. Alituambia: "Mchungaji, kila mtu anatazama juu. Mvua, kabla ya kushuka, inapanda. Tutazame chini kwanza." Tangu siku ile tumesoma na kuuliza, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Jani linatoa jasho

Fanyeni jaribio hili pamoja na watoto wa shule ya Jumapili. Asubuhi, jua likianza kuwaka, chukueni sashe safi ya plastiki inayoonyesha ndani. Vikeni tawi la mti wa avoka lenye majani mabichi, kisha fungeni mdomo wa sashe kwa kamba. Rudini saa sita. Mtakuta ndani matone, pengine hata maji kidogo yaliyotulia chini. Hakuna mtu aliyeyamwaga humo. Yametoka katika udongo, yakaingia kwa mizizi, yakapanda ndani ya shina, yakatokea kwenye matundu ya jani ambayo ni madogo hata jicho haliyaoni. Mti hufungua matundu hayo ili uvute hewa ya kutengenezea chakula chake, na kila yanapofunguka, maji hutoka. Ni kama mtu anayelima: hawezi kufanya kazi bila kutoa jasho.

Hiyo ni njia moja ya maji kupanda. Nyingine ni ile tunayoiona kila siku: nguo zinakauka kwenye kamba, tope la njiani linageuka vumbi, matone yaliyobaki juu ya majani baada ya mvua yanapotea jua likitoka. Ziwa nalo linapanda. Ndugu zetu wa Uvira, Fizi na Kalemie wanajua kwamba Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu unaotoa maji yake, ndio Lukuga. Lakini maji mengi ya ziwa hilo hayapitii Lukuga. Yanaondoka kwa njia ya hewa, bila mtu kuyaona. Wataalamu hujumlisha haya yote, jasho la majani pamoja na mvuke wa udongo na wa maji, wakahesabu kama kitu kimoja. Sisi hapa tutasema tu "mvuke wa nchi".

Si kitu kidogo. Mvua yote inayoshuka juu ya nchi kavu za dunia ikiwa ni ndoo kumi, karibu ndoo sita hurudi hewani namna hiyo, na zinazobaki ndizo zinazokwenda na mito mpaka baharini. Sehemu kubwa ya hizo ndoo sita imepitia katika majani. Msitu mnene wa Kongo hutoa kama milimita 3 kwa siku. Ukisikia milimita 3 unaweza kudharau, lakini milimita moja ya maji juu ya hekta moja ni litre 10,000. Kwa hiyo hekta moja ya msitu inarudisha hewani kama bidoni 1,500 za litre 20, kila siku, na hakuna mama aliyezibeba kichwani.

Kuna jambo la pili ambalo mzee wetu alilisisitiza, nalo ni joto. Mama anayepika juu ya mbabula analijua hata kama hajalisoma. Maji baridi yakiwekwa juu ya moto yanachukua muda kuchemka, lakini ukitaka yachemke mpaka sufuria ikauke kabisa, utatumia moto zaidi ya mara tano ya ule wa kuyafikisha kwenye kuchemka. Maji yanapogeuka mvuke yanakula joto jingi. Jua linalowaka juu ya msitu hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kuinua maji. Likiwaka juu ya kilima kilichonyolewa, maji ya kuinua hakuna, kwa hiyo nguvu ileile inapasha udongo na hewa. Ndiyo maana kivuli cha mti kina baridi tofauti na kivuli cha bati. Mti hauzuii jua tu, unatoa jasho.

Mvua ya Kongo inapitia kwetu

Tulidhani, kama watu wengi, kwamba mvua yote inatoka baharini. Hata mtumishi wa Eliya aliona wingu likipanda kutoka baharini, ndivyo tunavyosoma katika 1 Wafalme 18. Hilo ni kweli, lakini kwa sisi tunaokaa katikati ya Afrika bahari iko mbali, na maji yake hayafiki kwa safari moja. Pepo za Bahari ya Hindi huingia zikiwa na unyevu, zinamwaga mvua juu ya Tanzania, Kenya na nchi za Maziwa Makuu. Mvua hiyo inalowesha mashamba na misitu, kisha sehemu yake inapanda tena, inasukumwa upande wa magharibi na kushuka tena. Maji yaleyale yanaweza kunyesha mara mbili au tatu kabla ya kurudi baharini.

Mwaka 2010 watafiti wa Delft huko Uholanzi, wakiongozwa na Ruud van der Ent, walifuatilia safari hiyo kwa mahesabu ya dunia nzima. Waliona kwamba mvua ya Bonde la Kongo inategemea sana mvuke unaopanda kutoka Afrika ya Mashariki, hasa eneo la Maziwa Makuu. Bonde la Kongo nalo linapeleka unyevu mpaka Saheli. Tulisoma jambo hilo mara mbili, maana linatugusa moja kwa moja. Milima yetu ya Lubero, Masisi, Kalehe na Itombwe iko kwenye mlango ambapo unyevu unaingia bondeni. Mkulima wa Tshopo au wa Maniema anakula kwa sehemu ya maji yaliyopandishwa na majani ya huku kwetu, na sisi tunakula kwa maji yaliyopandishwa na majani ya majirani zetu wa mashariki. Mpaka wa nchi upo katika pasipoti. Katika mvua haupo.

Namna ya kupima kitu kisichoonekana

Je, mvuke huo unabadilika? Hapa tunaomba uvumilivu kidogo, maana wataalamu wenyewe walizunguka sana kabla ya kupata jibu.

Chombo cha zamani ni sahani ya chuma, pana kama sentimeta 120, yenye kina cha sentimeta 25. Unaijaza maji, unaiacha nje, na kila asubuhi unapima yamepungua kiasi gani. Dunia ilipoanza kupata joto, kila mtu alitazamia kwamba maji ya sahani yatapungua kwa haraka zaidi. Lakini katika nchi nyingi, tangu miaka ya 1950, yalikuwa yakipungua polepole zaidi. Wengine waliitumia habari hiyo kusema kwamba ongezeko la joto ni uongo. Baadaye ikaeleweka. Moshi na vumbi vya viwanda vilikuwa vimepunguza mwanga wa jua unaofika chini, na mahali pengi upepo ulikuwa umedhoofika. Maji hayapandishwi na joto peke yake. Yanahitaji pia jua, upepo, na hewa iliyo kavu. Tena sahani ina maji siku zote, na shamba halina. Hilo la mwisho ndilo kubwa, tutalirudia.

Mwaka 2010 Martin Jung wa Taasisi ya Max Planck huko Jena, Ujerumani, pamoja na wenzake, walitoa hesabu ya dunia nzima. Kuanzia 1982 mpaka 1997 mvuke wa nchi ulikuwa ukiongezeka, kama milimita 7 za mwaka katika kila miaka kumi. Kisha, baada ya El Niño kubwa ya 1998, ongezeko likasimama mpaka mwisho wa uchunguzi wao, mwaka 2008. Sababu waliyoiona ni udongo kukauka, hasa katika Afrika na Australia. Jua lilikuwepo na hewa ilikuwa na kiu, lakini udongo haukuwa na cha kutoa.

Njia nyingine ilikuja na satelaiti mbili zinazoitwa GRACE, zilizorushwa mwaka 2002. Zilikuwa zikifuatana angani, kati yao kilometa kama 220, na kwa kupima mabadiliko madogo ya nafasi hiyo ziliweza kujua uzito wa maji yaliyo chini: ya udongo, ya mito, ya maziwa, hata ya visima. Ukitaka kuelewa hesabu yake, mfikirie mhasibu wa paruasi. Anajua sadaka zilizoingia. Anajua matumizi yaliyoandikwa. Anafungua sanduku na kuhesabu kilichobaki. Kama kuna kitu kinakosekana, anajua ni kiasi gani, hata kama hakuona mlango kilipotokea. (Wahasibu wetu watusamehe.) Ndivyo ilivyo: mvua ndiyo sadaka, mito ndiyo matumizi, udongo ndio sanduku, na kinachokosekana ndicho kilichopanda hewani. Kwa hesabu hiyo, watafiti wa NASA walitangaza mwaka 2021 kwamba kati ya 2003 na 2019 mvuke wa nchi kavu uliongezeka kwa asilimia 10, na sababu kubwa ni joto la nchi. Njia nyingine za kuhesabu zimetoa ongezeko dogo zaidi, lakini upande unaoelekea ni uleule.

Kwa nini tunaona jambo hili ni zito? Kwa sababu hewa ikiongezeka digrii moja ya joto, inaweza kubeba mvuke asilimia 7 zaidi. Hewa ya moto ina kiu kubwa. Penye maji inakunywa zaidi na baadaye inamwaga kwa nguvu zaidi, ndiyo mvua kali za ghafla. Pasipo na maji inanyonya udongo mpaka mmea unafunga matundu yake ili usife. Mkulima anaona majani ya mahindi yakijikunja saa saba mchana, hata siku nne tu baada ya mvua. Zamani udongo ungeweza kungojea wiki mbili. Mmea uliofunga matundu hautoi jasho, lakini pia haupati chakula, kwa hiyo unasimama kukua. Wale vijana wa paruasi yetu walihesabu siku bila mvua. Hawakuhesabu kiu ya hewa.

Kuna kitu kingine kinachovuta upande wa pili. Gesi ya kaboni inayoongezeka hewani kwa moshi wa viwanda na magari inauwezesha mti kupata chakula chake bila kufungua sana matundu, kwa hiyo kila jani linatoa jasho kidogo kuliko zamani. Lakini katika sehemu kubwa ya dunia majani yenyewe yameongezeka tangu mwanzo wa miaka ya 1980, kwa vipimo vya satelaiti. Jani moja linatoa kidogo, majani yamekuwa mengi. Hesabu inakwenda huku na huku.

Na kwetu Kongo?

Wakati mahali pengi duniani palikuwa pakizidi kijani, uchunguzi wa Liming Zhou na wenzake, uliotolewa mwaka 2014, ulionyesha kwamba msitu wa Kongo ulikuwa ukipoteza ukijani wake kati ya 2000 na 2012, pamoja na kupungukiwa na maji. Msitu haukuwa umekatwa katika sehemu hizo. Ulikuwa umesimama, lakini umechoka.

Yangambi, chini kidogo ya Kisangani kando ya mto Kongo, vipimo vya hali ya hewa vimeandikwa tangu zamani za ukoloni. Daftari za 1960 mpaka 2020 zinaonyesha kwamba joto limeongezeka, na tofauti kati ya majira ya mvua na majira ya ukavu imekuwa kali zaidi. Hapohapo Yangambi, tangu 2020, kuna mnara wa chuma wa mita kama 55 unaoitwa CongoFlux, uliojengwa na Chuo Kikuu cha Gent cha Ubelgiji pamoja na INERA. Unapita juu ya vilele vya miti, na vyombo vyake vinasikiliza hewa inayopanda na kushuka, mara nyingi kwa sekunde moja, ili kujua msitu unatoa mvuke kiasi gani. Ni wa kwanza wa aina hiyo katika msitu wa Bonde la Kongo. Tunafurahi kwa ajili yake. Lakini Amazonia ilipata minara kama huo miaka mingi kabla yetu, na msitu wetu ni wa pili kwa ukubwa kati ya misitu ya mvua duniani.

Upungufu huo wa vipimo unaumiza. Kabla ya uhuru nchi hii ilikuwa na vituo vya kupima mvua kwa mamia. Vingi vilinyamaza baadaye, mmoja baada ya mwingine, kwa vita, kwa kukosa mshahara wa mpimaji, kwa kuibiwa. Mwezi wa tano 2023 mvua kali ilishuka juu ya milima ya Kalehe, maji yakateremkia Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 wakafa. Wengi wenu mlizika watu wenu pale. Kundi la wanasayansi wanaochunguza misiba ya namna hiyo lilijaribu kujua kama mabadiliko ya tabia ya nchi yaliongeza nguvu ya mvua ile. Walishindwa kutoa jibu kwa sababu vipimo vya mvua vya kuzunguka Ziwa Kivu havikutosha. Watu wamekufa, na hata sababu haiwezi kuandikwa.

Shoka na mvua

Tunaloweza kusema kwa hakika ni habari ya shoka. Mti wa msituni una mizizi mirefu. Mwezi wa saba, wakati majani ya juu ya udongo yamekauka, wenyewe bado unavuta maji ya chini na kuyapandisha. Muhogo na maharagi hayafiki huko. Baada ya mavuno shamba linabaki wazi, jua linalipiga, na hakuna anayepandisha kitu. Mvua ikija, matone yanaupiga udongo mtupu, yanateremka pamoja nao mpaka mtoni. Maji yaliyoteremka hivyo hayawezi tena kupanda kutoka shambani. Nchi inapata mafuriko na ukavu katika mwaka mmoja, na mtu anashangaa kana kwamba ni mambo mawili tofauti.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, walilinganisha mwaka 2023 sehemu za joto zilizopoteza msitu na jirani zao zisizopoteza, kwa miaka ya 2003 mpaka 2017. Katika eneo la upana wa kilometa 200, kila asilimia moja ya msitu iliyokatwa iliondoa robo milimita ya mvua kwa mwezi. Ni kidogo, utasema. Lakini Kongo inapoteza karibu hekta nusu milioni za msitu wa asili kila mwaka katika miaka hii ya karibuni. Watafiti hao walikadiria kwamba ukataji ukiendelea, mvua ya Kongo inaweza kupungua kwa asilimia 8 mpaka 10 ifikapo 2100.

Nani anakata? Uchunguzi wa miaka ya 2000 mpaka 2014 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya upotevu wa msitu katika Bonde la Kongo ulitokana na mashamba madogo, yale ya jembe na panga. Ni sisi. Tunasema hivyo bila kumhukumu mama anayebeba gunia la makala kwenda Goma au Bukavu. Vita vimemwondoa katika shamba lake, watoto wanataka kula, na jirani zake wote wanapika kwa makala. Anayetaka kumhubiria aanze kwa kumwonyesha atapika na nini kesho.

Miti yetu iliyokunywa chemchemi

Hapa tungependa kumaliza kwa kusema: pandeni miti. Tuliwahi kusema hivyo, na ndipo tulipokosea.

Miaka saba kabla ya ukavu ule, paruasi yetu ilipata miche ya ekaliptusi bila kulipa. Tuliipanda mia kadhaa, tukaiombea, kwenye mteremko ulio juu ya chemchemi. Tulitaka mbao za madawati ya shule na nguzo za kuuza. Miti ikakua vizuri ajabu. Chemchemi nayo ikaanza kupungua. Akina mama wakaamka saa kumi usiku kupanga foleni ya bidoni. Mama mjane yule, aliyekaa pale tangu ujana wake, alikuja kutuambia: "Pasta, miti yenu inakunywa maji yetu. Mtaona, yatakwisha." Tulimshukuru kwa adabu, tukasahau. Neno lake hilo ndilo vijana walilolisikia na kuliita laana.

Mahali paitwapo Mokobulaan, Afrika Kusini, jambo hilo lilipimwa. Bonde dogo lenye kijito lilipandwa ekaliptusi lote mwaka 1969. Mwaka wa tatu kijito kilianza kupungua. Mwaka wa tisa kilikauka kabisa. Miti ilikatwa ikiwa na miaka 16, na bado ilipita miaka mitano ndipo kijito kikarudi kutiririka mwaka mzima. Ekaliptusi inakua haraka kwa sababu inakunywa sana. Mbao zake ni maji yaliyopanda. Hewani maji hayo hayapotei, pengine yanakuwa mvua ya mtu wa mbali. Lakini aliye chini ya mteremko na bidoni yake hawezi kungojea.

Kwa hiyo sisi hatupingi ekaliptusi. Gunia la makala linalotoka katika shamba la ekaliptusi ni gunia lisilotoka Virunga wala Kahuzi-Biega. Tunapinga mahali tulipoipanda. Iwekwe juu mgongoni mwa kilima, mbali na chemchemi na mito, wala isijaze kilima kizima. Karibu na maji iachwe miti ya asili iliyokuwa pale. Katika mashamba, mabua ya mahindi na majani ya maharagi yasichomwe moto. Yatandazwe juu ya udongo, ili maji yaliyoingia yapande kupitia mmea, wala si kupitia udongo mtupu. Vijiti vya gliricidia au kaliandra vipandwe kwenye kontua, vishike udongo na kuendelea kutoa jasho wakati wa kiangazi.

Wazee wa kanisa walikaa mara tatu juu ya ekaliptusi zetu. Kulikuwa na ubishi, maana miti ile ilikuwa fedha. Mwishoni tulikata safu zilizo karibu na chemchemi, hatua hamsini kila upande, na nyingine zikabaki. Huu ni mwaka wa pili. Maji yameongezeka kidogo. Hayajarudi kama zamani.

Tulianza pia kupima mvua. Tulichukua mkebe wa maziwa ya unga ulio wima pande zote, tukaufunga juu ya nguzo mahali pasipo na mti wala paa, na kila asubuhi saa moja maji yake yanapimwa kwa rula ya shule. Milimita moja katika mkebe ni litre moja juu ya kila mita moja ya mraba ya shamba. Inaandikwa katika daftari: tarehe, milimita, basi. Siku isiyo na mvua inaandikwa sifuri, maana sifuri nayo ni habari. Anayeshika daftari ni mmoja wa vijana waliokuja ofisini Jumapili ile. Alijitolea mwenyewe, na hatukumuuliza sababu.

Kwa mama mjane tulituma wazee wawili kumwomba msamaha na kumwambia kwamba nyumba yake imetengenezwa mlango. Walimweleza habari ya miti pia. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama tumeikata yote. Walipomjibu kwamba ni safu za karibu tu, alisema atakuja kuona mwenyewe masika yakianza.